Kengele ya Reli

Baba aliipiga kengele ya shamba miaka ishirini na mitatu:
kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo
nje ya stoo, hatua chache kutoka kwenye korona.
Saa kumi na moja alfajiri, nyundo juu ya chuma,
na kambi nzima inajimwaga njiani,
Wabena, Waha, Wabondei,
panga begani, uji ungali mdomoni.
Hakuna aliyeuliza nani kaita.

Leo niko Bombo, maabara, kiti kibovu, darubini nzima.
Nimekata nyama ya Mwanatumu Shekiondo
vipande vyembamba kushinda ganda la kitunguu.
Mwiba wa mkonge ulimchoma begani msimu wa vuli, kule Pongwe.
Tundu la punje ya mtama.
Akabandika jani, akamaliza mita zake, akasahau.
Damu haikusahau.

Ndani ya damu mna vibapa, ndizo chembe sahani,
vimemeguka kutoka kwenye uboho, havina hata kiini,
maisha yao hayafiki nusu mwezi.
Vikigusa mpasuko hunata, hupasua vifuko vyao
na kumwaga kichocheo ambacho vitabu vimekipa jina refu.
Mimi nakiita reli.
Ni nyuzi mbili za protini, pacha waliofungwa kiunoni;
kinashika masikio mawili ya chembe jirani,
kinayavuta mpaka yagusane:
amka.

Na wasokotaji wanaamka.
Wanatambaa, wanagawanyika, mmoja wawili, wawili wanne,
wanafuma singa juu ya singa
mpaka tundu linazibika.
Hapo ndipo Baba angeinua nyundo tena,
saa nane mchana,
ile kengele tuliyoipenda sisi watoto.

Begani kwa Mwanatumu saa nane haikufika.
Naziona singa zake, nene, za waridi chini ya rangi,
zimelaliana ovyo kama marobota yaliyokatika kamba.
Wasokotaji wake wameota masikio kupita kiasi;
reli ikinong'ona, wao wanasikia baragumu.

Wala si yeye peke yake.
Ini la Bukuru, lililoonja kichocho tangu utotoni,
lilifumwa na wito huu huu hadi likawa gumu kama kisigino.
Kuna mishipa ya moyo ambayo kuta zake hunenepea ndani
kwa kuitikia sana.
Na nimeona uvimbe uliojifunza kujipigia kengele wenyewe:
unaita, unaitika, unaita.

Mwanatumu alikuja Jumanne kuchukua majibu, kanga imefunika bega.
"Ni saratani?"
"Siyo. Ni kovu lisilojua saa."
Akacheka mpaka akajishika ubavu.
"Kama marehemu mume wangu, kilabuni."
Nikamweleza habari ya masikio.
"Basi yazibeni."
Zipo dawa za kuziba, nikasema, kwa baadhi ya saratani;
lakini bila wito huo figo ya mtoto tumboni haijengeki,
na goti la mjukuu wako likichubuka
litakaa wazi likingoja mafundi.
Akanyamaza. Nje, mtu alikuwa anaburuta machela.
"Na mkilikata?"
"Linaweza kurudi. Kisu nacho ni mwiba."

Shamba lilifungwa zamani.
Reli waliinunua watu wa chuma chakavu,
wakaipima kwa kilo, wakabishana juu ya kutu.
Baba bado anaamka saa kumi na moja.
Anakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimekunjwa
kuuzunguka mpini usiokuwepo.
Namwambia, lala, Baba, kazi imekwisha.
Ananigeuzia sikio lake zima:
"Nani kapiga?"